Katoni Kumi na Nane Nyuma ya Pazia la Eda

Kasongo, Ijumaa, baada ya alasiri

Zaina mwanangu,

Umetoka kwenda kuaga, na nakujua. Kwa mjomba wako utakaa, kwa rafiki yako Mwamini utakaa zaidi, na utarudi jua limezama, mama yako ameshakasirika na chakula kimepoa. Basi nina saa mbili tatu za kuandika. Nimekaa barazani mbele ya duka, daftari juu ya goti, na kila pikipiki inayopunguza mwendo hapa mbele inanifanya niinue kichwa. Wewe unajua ni kwa nini. Unadhani mimi ndiye nisiyejua.

Nimeziona katoni. Kumi na nane, nimezihesabu mara mbili.

Mambo ya koti la mvua, dawa ya malaria, na kutompa dereva pesa yote kabla hamjavuka vivuko, hayo mama yako atakwambia, na atakwambia mara tatu. Mimi sina kitu cha kuongeza hapo. Una miaka ishirini na nne, umekwenda Nyangwe na kurudi na vikapu vya samaki kila wiki kwa miaka mitatu, na hakuna mchuuzi wa huko aliyewahi kukupunja zaidi ya mara moja. Salamabila, huko machimboni unakokwenda kesho, utaiweza. Sitaki kuandika juu ya Salamabila. Nataka kuandika juu ya unachokiacha hapa.

Nilikuona siku ile redio ilipotangaza kwamba serikali inapendekeza kupandisha kodi ya sigara. Tulikuwa tunakula. Mama yako alisema, "Wapandishe tu, wanaume waache ule moshi wao." Wewe uliacha kutafuna. Mkono ulibaki hewani na tonge la ugali, na macho yako yakaenda mbali, na moyoni nikasema, huyu ni damu yangu. Nikafurahi, kusema kweli. Kesho yake ukaniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za jirani, depo ya jumla pale sokoni bado inauza katoni kwa bei ya zamani? Nikakwambia bado. Ukasema, "Samaki anaoza, baba. Sigara haiozi. Na bei itapanda, hata wao wenyewe wamesema." Nikacheka. Sikukuuliza utaziweka wapi.

Leo asubuhi nilikwenda nyumba ya nyuma kumtengenezea shangazi yako kitanda, maana mguu mmoja unacheza tangu msiba. Mimi ni kaka yake, naruhusiwa kuingia. Nikasogeza pazia, na kabla macho hayajazoea giza pua ikaniambia. Miaka thelathini nimeuza sigara, mwanangu. Katoni mpya ina harufu tamu, hata ikiwa imefungwa na karatasi yake ya nailoni. Nikainama kutazama mguu wa kitanda, nikakutana na kitenge chako cha kijani kimefunika kitu chenye pembe.

Shangazi yako Feza alikuwa ameketi kwenye mkeka na nguo zake nyeupe, ungo mapajani, anachagua mchele. Wiki sita sasa tangu tumzike mume wake. Amebakiza karibu miezi mitatu ya kukaa ndani, bila kujipaka mafuta, bila kuonana na mwanamume asiye ndugu. Nikamuuliza:

"Feza, hii ni nini?"

"Kaka, uliza mutoto yako."

"Alikuambia ni nini?"

"Alisema ni vitu vya duka, vitakaa hapa muda kidogo. Lakini miye siko mutoto. Ile harufu naijua."

"Na watu wa kodi wakija wakakuuliza?"

Hakuinua macho. Aliendelea kuchagua, akatupa jiwe moja nje ya ungo.

"Nitasema vile mama yetu alisema."

Zaina, kitanda sikukitengeneza. Nilitoka na nyundo mkononi nikaenda kukaa nyuma ya choo kama mtoto aliyevunja sahani.

Mchana kutwa nimejiuliza nani alikufundisha. Katika mji mzima, na maghala yake, na dari zake, na mashimo ambayo watu wamechimba kuficha mali wakati wa vita, wewe ukachagua chumba cha mwanamke wa eda. Hilo halimjii mtu hivi hivi. Halafu nikakumbuka hapa hapa nilipokaa, barazani. Nikakumbuka rafiki zangu wamekaa kwenye benchi, na wewe ukiwa na miaka minane au tisa unatuletea chai, na mimi nasimulia jinsi nilivyowashinda watu wa kodi. "Walipita duka, walipita dari, walipita shamba," nilikuwa nasema, "na mali yangu imelala salama na mwanamke wa eda!" Watu walikuwa wanacheka mpaka wanapiga mapaja. Nimeisimulia mara ngapi? Kila mwaka, kila alipokuja mgeni. Wewe ulikuwa unacheka pia, na sinia mkononi.

Basi mimi ndiye niliyekufundisha. Ila nilikufundisha nusu. Nusu nyingine sijawahi kumsimulia mtu, na ndiyo ninayotaka uisome kabla hujaondoka.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Babu yako, baba yangu, alikuwa amefariki kwa kifua. Alivuta tangu ujana, na nilipofungua duka nilianza kumpa pakiti bure, moja kila asubuhi, naziweka kwenye mkono wake kwa mikono miwili. Nilidhani namheshimu. Watu walikuwa wanasema, tazama Salumu anavyomtunza baba yake. Mwaka wa mwisho alikuwa anakohoa mpaka anashika ukuta, na mimi bado nampelekea pakiti yake, kwa sababu siku nilipochelewa aliniita mtoto asiye na shukrani. Nikamzika, nikalia, na wiki hiyo hiyo nikauza sigara kwa watu waliokuja msibani.

Bibi yako akaingia eda. Wakati ule ule habari ikafika kwamba kodi ya sigara itapanda, na watu wa kodi wakaanza kupita madukani, wanaandika kila katoni wanayoikuta, ili siku bei mpya ikianza mwenye nazo alipe tofauti ya kodi. Wewe umeyaona hayo hayo wiki hii, sina haja ya kukueleza. Mimi nilikuwa nimenunua kwa mtaji wangu wote na wa watu wengine. Nikaona chumba kimoja tu mjini ambacho hakuna mwanamume atakayethubutu kuingia. Nikamwomba mama yangu. Hapana, niandike sawa: sikumwomba. Niliziingiza wakati yuko kwenye sala, nikazipanga ukutani, nikafunika na mkeka, na alipotoa salamu nikamwambia, "Mama, ni kwa siku chache." Akarudi kwenye tasbihi yake. Kesho yake nikapakia chumvi na sabuni kwenye baiskeli, nikaenda Kabambare.

Hapo kwenye hadithi yangu ya barazani huwa naruka. Nasema "wakaja, wakakuta eda, wakarudi," na watu wanacheka. Mimi sikuwako, Zaina. Walipokuja nilikuwa njiani nasukuma baiskeli kwenye matope. Aliyekuwako ni bibi yako, na Feza, msichana wa miaka kumi na nne aliyekuwa analala naye ili asiwe peke yake. Watu wa kodi walisimama nje ya pazia, watu wazima wenye adabu, wakavua kofia.

"Mama, pole na musiba. Tumesikia kuko mali ya duka humu ndani."

"Humu niko miye na binti yangu."

"Hakuna katoni za sigara?"

"Hamuna."

"Unaweza kuapa, mama?"

Feza anasema mama aliutazama ule mkeka uliofunika katoni. Halafu akasema, "Wallahi, humu hamuna kitu ila miye, na mutoto, na godoro." Wakampa pole tena, wakaenda zao. Walimwamini kwa sababu ya nguo nyeupe. Nani angemwambia mwanamke wa eda kwamba anasema uongo?

Niliporudi akaniambia maneno machache. "Walikuja. Nimeapa." Nikambusu mkono, nikacheka kwa furaha, nikasema, "Mama, wale ni watu wa serikali tu. Kudanganya serikali iko zambi gani?" Akauvuta mkono wake.

"Miye sikuapa kwa jina la serikali."

Nimebeba hilo jibu miaka ishirini na minane. Barazani sijawahi kulisema.

Subiri. Kuna mtu.

Nimerudi. Nimemuuzia kijana wa seremala sigara mbili na kiberiti. Ndiyo, mbili, katikati ya barua hii. Usicheke, au cheka, lakini ujue sijioni malaika. Ninauza sigara mpaka leo na pengine nitauza kesho. Sikuandikii kukukataza biashara ya sigara kana kwamba mikono yangu ni safi. Na sikudanganyi kwamba ile mali iliniletea hasara. Ililipa! Kodi ilipanda, bei ikapanda, nikauza polepole, pakiti kwa pakiti, mpaka Salamabila kwa wachimbaji, na mabati yaliyokukinga mvua tangu uzaliwe yametoka mle. Kama ingekuwa hasara ningekuwa nimekwisha kuisimulia yote zamani, watu husimulia hasara zao kwa urahisi. Faida ndiyo iliyonifunga mdomo.

Siku bibi yako alipotoka eda nilimnunulia kitenge kizuri kuliko vyote sokoni. Alikipokea, akashukuru, akakikunja. Hakukivaa. Wiki hiyo akauza vitenge viwili vya harusi yake, akanunua mchele na maharage, akapika sufuria kubwa, akanituma nipelekee watu kumi ambao hawana kitu, mmoja mmoja nyumbani kwake. Nilijua ni kafara ya kiapo. Nikamwambia, mama, pesa ipo, juu ya nini unauza nguo zako? Akasema kiapo ni chake na atakilipa kwa kilicho chake. Nilibeba zile sahani juani, nyumba kumi, na kila nilipopewa asante nilitamani ardhi inifunike. Unadhani nilijifunza? Mwezi uliofuata nilikuwa barazani nasimulia kichekesho changu, na yeye ndani ananisikia. Mpaka anakufa alinisikia nikikisimulia, na hakuniambia ninyamaze.

Nilifikiri hapo ndipo aibu yangu inapoishia. Leo asubuhi, baada ya kukaa nyuma ya choo, nilirudi kwa Feza nikamuuliza, mama alikuwa na hali gani siku zile? Akaweka ungo chini.

"Kaka, mama alikuwa halali. Chumba kizima kilikuwa kinanuka baba. Usiku anashituka, ananambia, Feza, washa taa, baba yenu amerudi. Nawasha, anaona mukeka na katoni zako. Analia, tunazima. Siku ingine tena ni vile vile."

"Juu ya nini hamukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema utaona haya, utashindwa kuuza."

Nilikuwa nimemlaza mama yangu na harufu ya mtu niliyesaidia kumuua. Na yeye akahofia nisije nikashindwa kuuza.

Sasa turudi kwako. Nimekasirika, sitaficha, lakini nimekasirika zaidi na mtu wa barazani kuliko na wewe. Umefanya kwa akili. Ulinunua kabla depo haijapandisha, ukapanga juu ya mbao ili unyevu usizifikie, ukatawanya chapa tatu tofauti. Hesabu yako ni nzuri kuliko ilivyokuwa yangu. Kuna mawili tu ambayo naona hukuyaweka. Kodi ikipanda sana, sigara zisizolipiwa kodi zitaanza kuingia kutoka mpakani, upande wa ziwa, kwa bei ya chini, na wachimbaji watazinunua bila kukuuliza wewe ulikuwa unangoja nini. Na wale wasio na pesa watarudi kwenye tumbaku ya majani, ya kusokota kwenye karatasi ya daftari. Nimeyaona yote mawili. Kwa hiyo faida unayoiona kichwani usiilalie kama godoro. Hayo ni ya biashara, na biashara unaiweza.

Lakini kesho alfajiri pikipiki inakuja. Wewe unaondoka, na katoni zinabaki zikingoja bei, na aliyekaa juu yake hawezi kutoka nje ya mlango kwa miezi mitatu. Hivyo ndivyo nilivyofanya. Sikufikiri kwamba namwachia mama yangu mzigo. Nilidhani mzigo umelala tu pale, unangoja. Mali haiongei, mwanangu. Wakija kuuliza, mtu ndiye anayejibu, na ni yule aliyebaki nyumbani.

Na watakuja. Jana walimaliza, na pikipiki zao, mitaa ya upande wa msikiti, leo wako karibu na shule. Mtaa wetu ni kesho, wakichelewa sana ni keshokutwa. Mmoja wao ni kijana mpole, alikunywa maji hapa dukani juzi, akaandika pakiti zangu zote mpaka ile iliyofunguliwa. Akaniuliza kama nina nyingine mahali. Nikasema sina. Wakati ule nilikuwa nasema kweli, kwa nilivyojua. Akiuliza tena, sitaweza kusema hivyo.

Nilitaka kuzitoa mwenyewe. Mchana nilikwenda mpaka mlangoni na toroli. Halafu nikaona, nikizitoa mimi, utapata hasira na utanisamehe baada ya mwaka, na hutakuwa umeamua kitu. Umeshakuwa mtu mzima wa kunipita mimi kwa akili. Miaka mitatu ya samaki iko mle, mikono yako iliyochanika na miiba iko mle. Sina haki ya kuichukua kwa toroli wakati umekwenda kuaga. Nikalirudisha toroli lilipokuwa. Katoni zako zote ziko pale pale, chini ya kitenge chako cha kijani, sikuhamisha hata moja.

Kuna njia, unazijua. Duka langu lina nafasi upande wa kulia, pale kwenye magunia ya chumvi. Zikikaa pale zitaandikwa, utalipa tofauti siku ikifika, na faida itakuwa ndogo au haitakuwepo. Depo inaweza kuzipokea tena kwa bei ya kukulalia. Unaweza kwenda nazo kesho na kuziuza huko kwa bei ya leo. Kila njia itakuuma. Sitakuchagulia.

Lakini jambo moja nimelichagua kwa upande wangu, na nakuandikia mapema ili usije ukasema baba yako alikuvizia. Tangu kesho alfajiri, ukishaondoka, nitahamisha kiti changu kutoka hapa barazani. Nitakiweka nyuma, mbele ya mlango wa Feza. Duka mama yako atalikalia. Nitakaa pale mpaka watu wa kodi wapite, iwe siku moja au kumi. Wakifika hawataongea na pazia. Wataongea na mimi, na safari hii nitakuwako. Hawatakuwa na haja ya kuniapisha.

Nasikia sauti yako kwenye kona, unacheka na mtu. Nitaikunja barua hii na kuiweka ndani ya kiatu chako cha safari, ambacho huwezi kuondoka bila kukivaa. Nakupenda, Zaina. Nilikupenda ulipoacha kutafuna lile tonge, na nakupenda sasa nikiwa na hofu. Mungu akufikishe.

Kabla hujapanda pikipiki, ingia kwa shangazi yako umuage. Tazama chini ya kitanda, halafu uamue mimi nitawajibu nini. Zikiwa bado zimo, nitasema zimo.

Baba yako,
Salumu